Uchambuzi wa kisa: Skyline "iliyofungwa HICAS" na nusu digrii iliyojificha kwenye jointi

Usuli

Gari ni Nissan Skyline ya kizazi cha R34, 25GT Turbo ya mwaka 1999, milango miwili, gia za mkono. Lilikuwa linauzwa Dar es Salaam na mmiliki wa tatu tangu lishuke bandarini. Majina, namba, maeneo na bei halisi vimeondolewa. Fedha zinapotajwa humu zimeandikwa kwa asilimia ya bei aliyoianza muuzaji. Mnunuzi amemiliki magari kadhaa ya Japani lakini hili lingekuwa lake la kwanza lenye magurudumu ya nyuma yanayokata pamoja na ya mbele, mfumo ambao Nissan inauita HICAS. Alimchukua fundi wa saspensheni anayemfahamu, na uamuzi huo peke yake ulimwokolea fedha nyingi kuliko mengine yote yaliyofuata.

Bei za R34 zimepanda sana miaka hii. Sheria ya Marekani inaruhusu gari la nje kuingia bila masharti yao ya usalama likifikisha miaka 25, kwa hiyo R34 za mwaka 1999 zilifunguliwa mlango mwaka 2024. Muuzaji alilijua hilo vizuri na alikuwa hana haraka.

Mfumo wenyewe

Nissan ilianza kuweka HICAS kwenye Skyline R31 mwaka 1985. Toleo la Super HICAS likaja mwaka 1989 na R32 pamoja na 300ZX ya umbo la Z32. Zile za mwanzo zinasukumwa na mafuta ya haidroliki. R33 na R34 zina raki ya nyuma yenye mota ya umeme: mota inasogeza shafti, shafti inasukuma tairodi (fimbo) za kushoto na kulia, na kila tairodi inashika habu, kipande kinachobeba gurudumu, kwa boli jointi, yaani kiungo chenye kichwa cha mviringo. Umeme ukikatika, springi ndani ya raki zinarudisha shafti katikati.

Kompyuta ya HICAS inasoma kasi ya gari na pembe ya usukani. Dereva akikata usukani akiwa kwenye kasi, magurudumu ya nyuma yanaelekea upande wa kinyume kwa kitambo kifupi ili pua ya gari iingie kona, kisha yanageuka kufuata upande wa magurudumu ya mbele ili mkia utulie. Mwisho wa kugeuka kwa magurudumu hayo ya nyuma ni digrii 1 kila upande.

Hiyo digrii 1 ndiyo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo tuipime. Tairi la kiwandani la gari hili ni 225/45R17, lenye kipenyo cha takriban milimita 634. Likigeuka digrii 1, tofauti kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma ni kama milimita 11. Kwenye rimu ya inchi 17, ukingo wa mbele unasogea chini ya milimita 4 tu kutoka pale ulipokuwa. Ina maana jointi iliyolegea ikiruhusu ukingo wa rimu ucheze milimita 2, gurudumu limepata uhuru wa takriban nusu digrii bila ruhusa ya mtu yeyote. Kwenye tairi la mbele dereva angeisikia mikononi. Nyuma hakuna usukani wa kumwambia.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui hadi wameshanunua: kwenye R34 kompyuta hiyo hiyo ya HICAS ndiyo inayoamuru vali ya pawa steringi, usukani uwe mwepesi unapoegesha na mzito kwenye kasi. Ikiona hitilafu inaacha kuamuru, na usukani unabaki mzito wakati wote.

Muuzaji alivyosema

Tangazo liliandikwa "HICAS imefungwa kitaalamu, gari limetulia." Mnunuzi alipouliza kwa simu imefungwa kwa kitu gani, jibu lilikuwa: "Kaka, hiyo niliikuta hivyo, haijawahi kunisumbua. Raki yake ya original ipo, iko kwenye kiroba stoo."

Kuifunga HICAS si dhambi. Madereva wengi wa drifti (kuserereshea gari kwenye kona) na wa mbio wanaifunga kwa makusudi kwa sababu hawapendi nyuma ijiamulie. Tatizo ni kwamba neno "imefungwa" linabeba kazi za aina tofauti kabisa. Kuna wanaotoa raki nzima na kuweka upau wa chuma, huku boli jointi za zamani zikibaki kwenye habu. Kuna wanaoweka seti kamili inayobadilisha hadi jointi na mikono ya saspensheni. Kuna wanaobana shafti ya raki kwa vipande vya chuma raki ikiwa pale pale. Na kuna wanaochomoa fyuzi, wakatoa balbu ya taa kwenye dashibodi, wakaishia hapo. Mnunuzi alikwenda bila kujua ni ipi kati ya hizo.

Ukaguzi wa kwanza: swichi na usukani

Fundi alianza na kitu kisichogharimu hata shilingi. Aliweka swichi "ON" bila kuwasha injini akaangalia dashibodi. Kwenye gari lililo sawa, taa ya HICAS inawaka pamoja na za oili, chaji na breki, halafu inazima injini ikishawaka. Hapa zote ziliwaka isipokuwa ya HICAS. Taa isiyowaka kabisa ina maana tatu: balbu imetolewa au imeungua, kompyuta imechomolewa, au kuna waya uliokatwa. Haina maana kwamba mfumo ni mzima, na muuzaji kusema "unaona, hakuna taa yoyote" hakubadilishi kitu.

Pili, injini ikiwa inanguruma gari limesimama, usukani ulikuwa mzito kupita kawaida. Mnunuzi alidhani ni pampu. Fundi akaangalia mafuta ya pawa steringi, yalikuwa safi na kiwango kizuri, mkanda haulii. Pampu ikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Tatu, usukani wenyewe haukuwa wa kiwandani. Ulikuwa mdogo wa kimichezo, umefungwa kwa kipande cha kuunganishia ambacho mafundi wanakiita bosi. Magari yenye HICAS yanahitaji bosi yake maalumu, yenye meno yanayozungusha kihisi cha pembe ya usukani kilicho nyuma yake. Ukiweka bosi ya kawaida, usukani unazunguka vizuri lakini kihisi kinabaki kimelala, na kompyuta inadhani dereva anakwenda moja kwa moja daima. Hata usukani ulioingizwa jino moja pembeni, ukawa haukai katikati gari likienda sawa, unatosha kuwasha taa ya HICAS baada ya mwendo mfupi. Bosi ya gari hili ilikuwa ya kawaida. Fundi alijua hivyo kwa kutoa honi ya katikati na kuchungulia kwa tochi, kazi ya dakika mbili ambayo muuzaji aliiruhusu. Na ikumbukwe kwamba usukani wa namna hii unaondoka na mfuko wa hewa wa dereva.

Mpaka hapo gari halijasogea hata hatua moja na mambo matatu yalikuwa yameshaelekeza upande mmoja.

Uvunguni

Hatua iliyofuata ilifanyika mara mbili, na mara ya kwanza ilidanganya.

Mara ya kwanza gari liliinuliwa nyuma kwa jeki, likawekwa juu ya stendi mbili, magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa magogo, gia nyutro, hendibreki imeachiwa. Fundi alishika tairi la kushoto mkono mmoja saa 3 na mwingine saa 9, akasukuma na kuvuta. Kulikuwa na kitu, lakini kidogo sana. Akashika juu na chini, saa 12 na saa 6: hakuna kitu. Mpangilio huo una maana yake. Likicheza pande zote mbili, bearing ya gurudumu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Likicheza kwa mlalo peke yake, tafuta kwenye tairodi, raki au jointi zake. Upande wa kulia ulikuwa kimya kabisa. Muuzaji akasema gari la miaka hiyo lazima lisogee kidogo, na mnunuzi karibu akubali.

Fundi aliomba gari lipelekwe kwenye shimo. Sababu yake ni ya kimekanika: gurudumu likining'inia, mikono ya saspensheni inashuka na kuivuta boli jointi upande mmoja, kichwa chake cha mviringo kikabanwa kwenye sehemu ambayo haijalika. Gari likikaa kwa uzito wake, jointi inarudi pale inapofanya kazi kila siku, yaani pale ilipolika. Wakiwa ndani ya shimo, mmoja aliweka tailiva (chuma cha kufungulia matairi) kati ya tairodi na fremu ya nyuma na kuikandamiza taratibu. Mwingine aliweka kidole nusu juu ya jointi na nusu juu ya habu. Kidole kinasikia kabla jicho halijaona. Jointi ya nje ya kushoto ilipiga "tak" kila tailiva ilipobadilisha upande. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimechanika, grisi imekuwa ugoro mweusi wenye mchanga.

Ili wasibishane kwa maneno, walisimamisha rula ya chuma kwenye tofali, ncha yake ikigusa ukingo wa mbele wa rimu, wakasukuma na kuvuta tena. Rula ilionyesha milimita 2.

Hapo ndipo pia walipoona kilichofanyika kwenye gari. Raki ilikuwa imetolewa na mahali pake umewekwa upau wa chuma wenye nyuzi kwenye ncha, umeshikwa na boliti zake kwenye fremu, kazi nzuri tu. Lakini upau ulishika boli jointi zile zile za kiwandani. Aliyeufunga aliondoa mota iliyokuwa nzima au mbovu, akaacha kitu kilichokuwa kinalika. Kwa nyongeza, loknati (nati inayozuia nyuzi zisilegee) ya upande wa kulia haikukazwa: ilizunguka kwa vidole. Waya wa mota ya raki ulikuwa umefungwa kwa zipitai juu ya fremu, soketi yake haina kifuniko, pini zimepata ukijani wa kutu ya chumvi.

Matairi ya nyuma yalikuwa na la kwao la kusema. La kushoto lilikuwa limelika bega la ndani hadi karibu na alama ya mwisho, la kulia lilikuwa sawa. Matairi mapya yangeficha habari hii. Gari linalouzwa likiwa na matairi mawili mapya nyuma na ya zamani mbele ni la kuulizwa maswali.

Barabarani

Jaribio lilifanyika kwenye lami iliyonyooka nje ya jiji, asubuhi, kasi isiyozidi 80. Fundi ndiye aliyeendesha, na alichokuwa anatafuta kilikuwa kimoja: mkia unafanya nini mguu ukitoka kwenye mafuta na ukirudi.

Gurudumu linaloendesha linasukuma habu mbele linapopewa mafuta, na linaivuta nyuma dereva akiachia. Jointi nzima inashikilia pembe ile ile katika hali zote mbili. Jointi iliyolegea inaruhusu gurudumu kuelekea ndani wakati mmoja na nje wakati mwingine. Kwenye gari hili, akiachia mafuta kwa ghafla kwenye kilomita 70 kwa saa, mkia ulisogea kidogo upande mmoja. Akirudisha mafuta, ukarudi. Dereva asiyejua angesahihisha kwa usukani bila kufikiri na kusema gari "linaelea". Mnunuzi alikaa kiti cha abiria na hakuhisi chochote mpaka alipoambiwa aangalie mikono ya fundi, jinsi ilivyokuwa inafanya masahihisho madogo yasiyokoma kwenye barabara iliyonyooka.

Mashine ya alaimenti

Vipimo vya alaimenti, yaani pembe za magurudumu, vilichukuliwa siku hiyo hiyo, na hapa nusura ushahidi upotee. Kijana wa mashine alipoona namba nyekundu za nyuma akachukua spana aanze kurekebisha. Alizuiwa. Kurekebisha alaimenti juu ya jointi iliyolegea ni kupanga namba za kuonekana kwenye karatasi. Gari likitoka getini zinabadilika.

Waliomba kitu kingine: apime, gari lisukumwe mbele na nyuma mara kadhaa kwa mikono, halafu apime tena bila kugusa kitu. Kipimo kilichoangaliwa ni tou ya nyuma, yaani tairi kuelekea ndani au nje.

Mara ya kwanza kushoto kulisoma nje digrii 0.30, kulia ndani digrii 0.17. Mara ya pili kushoto kukasoma ndani digrii 0.10, kulia kukabaki 0.17. Gurudumu moja lilikuwa limehama digrii 0.40 kwa kusukumwa tu. Kulia hakukuhama. Hiyo ndiyo karatasi iliyompa mnunuzi nguvu mezani, kwa sababu ilichapishwa mara mbili ndani ya muda mfupi kwenye mashine ile ile, na muuzaji alikuwepo.

Maamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Kuacha gari, kununua na kurudisha HICAS kama ilivyotoka kiwandani, au kununua na kuifunga upya kwa usahihi.

Kuacha halikuwa wazo baya, na kama bodi au injini vingekuwa na doa ndivyo ambavyo ingekuwa. Lakini fremu ya nyuma haikuwa na kutu ya kula chuma, namba ya chasisi ililingana na kadi, na kompresheni ya silinda zote 6 ilikuwa karibu sawa. Ubovu ulikuwa mahali pamoja panapofikika.

Kurudisha HICAS kulimvutia mnunuzi kwa sababu ya thamani: R34 iliyo kamili inauzika vizuri kuliko iliyobadilishwa. Walikwenda kuiona raki ya kwenye kiroba. Shafti iliganda upande mmoja, soketi ya mota ilikuwa imeliwa na kutu. Ingehitajika raki nyingine, jointi zote, bosi sahihi ya usukani, na waya kufuatiliwa kutoka nyuma hadi mbele. Raki zilizotumika kutoka Japani nazo zina umri ule ule wa gari na mara nyingi zinakuja na jointi zake zilizochoka. Fundi hakuwa tayari kutoa dhamana ya kazi hiyo, na alisema hivyo waziwazi kabla bei haijajadiliwa.

Wakachagua njia ya tatu: seti kamili yenye mikono ya nyuma inayorekebishika na jointi mpya pande zote mbili, pamoja na sharti kwamba raki ya zamani na waya wake vije na gari. Mnunuzi aliomba punguzo la asilimia 15, muuzaji akaanza na 5, wakakutana 12.

Matokeo

Kazi ya chuma ilikwenda bila shida. Boliti za zamani zililowekwa mafuta ya kutu usiku kucha kabla ya kufunguliwa. Jointi ya kushoto ilitoka kwa kifaa cha kuivuta, si kwa nyundo, kwa sababu kupiga habu ni kutafuta gharama nyingine. Boliti zinazopita kwenye bushi (raba za kwenye mikono ya saspensheni) zilikazwa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Ukizikaza gari likiwa juu, bushi inajisokota pindi gari linaposhuka na haikai muda mrefu.

Alaimenti ya mwisho ilisoma ndani digrii 0.08 kila upande, na baada ya gari kusukumwa mbele na nyuma na kupimwa tena, tofauti haikuzidi 0.02. Mkia ulitulia. Baada ya kilomita 5,000 matairi ya nyuma yalikuwa yamelika sawasawa.

Usukani mzito ndio uliosumbua. Mpango wa kwanza ulikuwa kuchomeka tena kompyuta ya HICAS na kuweka bosi sahihi, ili irudi kuamuru vali ya pawa steringi. Usukani ukawa mwepesi, wakashangilia, na baada ya mwendo mfupi taa ikawaka (balbu ilikuwa imerudishwa kwa makusudi) na uzito ukarudi. Sababu iko wazi ukiifikiria: kompyuta inaulizia mota ya nyuma, haiipati, inatangaza hitilafu na kuachilia kila kitu. Mwisho kiliwekwa kifaa kidogo cha kielektroniki kinachoamuru vali hiyo kwa kufuata kasi ya gari. Kuna mafundi wanaopeleka volti 12 moja kwa moja kwenye vali. Usukani unakuwa mwepesi kweli, hadi kwenye kilomita 100 kwa saa, ambako haupaswi kabisa kuwa hivyo, na koili inapata moto.

Kwa fedha, seti, jointi, kifaa cha usukani na ufundi vilikula asilimia 9 ya bei ya mwanzo. Matairi mawili ya nyuma, ambayo hayakuwekwa kwenye hesabu wakati wa mazungumzo, yalipeleka jumla kwenye 13. Punguzo lilipitwa kwa asilimia moja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa ukaguzi kutoka kwa kisichogharimu kwenda kwa kinachogharimu. Swichi, usukani na tochi viliwapa dhana; shimo na rula vikaipa dhana hiyo namba; mashine ikaigeuza kuwa karatasi. Wangeanza na mashine, kipimo cha kwanza kingeonekana kama alaimenti iliyoharibika kidogo, kijana angeirekebisha, na gari lingenunuliwa kwa bei karibu kamili.

Swali "imefungwa kwa kitu gani?" lilikuwa sahihi lakini halikufuatiliwa vya kutosha kwenye simu. Picha moja ya uvunguni iliyopigwa kutoka nyuma ya difu ingeonyesha upau na jointi zile za kiwandani, na mazungumzo ya bei yangeanza mahali pengine. Muuzaji asiyeweza kupata picha hiyo ndani ya siku mbili ameshajibu.

Ukaguzi wa kuning'iniza gurudumu ndio uliokaribia kuwapotosha. Ni mazoea ya gereji nyingi kwa sababu jeki iko karibu kuliko shimo, na kwa bearing unafaa. Kwa boli jointi za nyuma hautoshi.

Loknati iliyolegea upande wa kulia inastahili kusemwa zaidi kuliko tulivyoisema. Siku ya ukaguzi upande huo haukucheza wala kuhama kwenye mashine, kwa kuwa nyuzi zenyewe zilikuwa bado zinabana. Ingeendelea hivyo kwa muda, halafu siku moja tairodi ingeanza kujizungusha kwa mtikisiko na tou ingehama bila onyo. Karatasi ya alaimenti isingeiona kamwe. Iliyoiona ni vidole.

Makosa mawili yalikuwa ya hesabu. Matairi hayakuingizwa kwenye punguzo ingawa ushahidi wa bega la ndani ulikuwa mbele ya macho, na suala la usukani mzito lilichukuliwa kama la bure kwa dhana kwamba kompyuta ikichomekwa litaisha. Kwa R34 au R33 iliyofungwa HICAS, usukani mzito uhesabiwe kama kazi inayojitegemea.

Kama mfumo ungekuwa hai

Sehemu hii ni kwa atakayekuta gari ambalo HICAS yake bado inafanya kazi, maana hatua zinabadilika.

Taa lazima iwake kwenye swichi na izime baada ya injini kuwaka, halafu ibaki imezima kwa safari ya angalau nusu saa yenye kona na kasi mchanganyiko. Nissan iliweka pia njia ya kujipima: injini ikiwa inawaka, ndani ya sekunde chache fundi anakata usukani kushoto na kulia na kukanyaga breki mara kadhaa kwa mpangilio ulio kwenye mwongozo wa gari husika. Taa inaanza kumeta kwa hesabu ya misimbo ya hitilafu, na raki inasukuma magurudumu ya nyuma yenyewe huku na huku. Mtu akae nyuma na rula kwenye rimu. Magurudumu yote mawili yasogee kwa wakati mmoja na kiasi sawa. La upande mmoja likianza kusogea likiwa limechelewa, ulegevu uko kwenye jointi ya upande huo, na unauona bila tailiva.

Kwa R32 na Z32 za mwanzo, zenye haidroliki, kazi kubwa iko kwenye mabomba yanayotoka mbele hadi nyuma chini ya sakafu. Fuata kila bomba kwa mkono na kitambaa cheupe, hasa pale linaposhikwa na klipu, kwa sababu kutu inaanzia chini ya klipu. Angalia vifuniko vya mpira kwenye ncha za silinda ya nyuma: ukivibonyeza na kuhisi majimaji ndani, sili imeshapitisha. Chombo cha mafuta mbele kinachohitaji kuongezwa kila baada ya wiki chache bila tone chini ya injini kinakuelekeza huko nyuma.

Kwenye magari ya kisasa yenye mfumo wa namna hii, kama Porsche 911 za kizazi cha 991 zilizo nao, kila gurudumu la nyuma lina mota yake badala ya raki moja, na mashine ya kusoma kompyuta inaonyesha pembe ya kila upande. Omba isomwe kabla na baada ya safari ya majaribio. Kumbukumbu ya hitilafu iliyo tupu kabisa, pamoja na mifumo mingine ya gari kuonyesha imefutwa siku hiyo hiyo, ni sababu ya kuendesha kilomita 50 nyingine na kusoma tena kabla ya kutoa hata senti ya kushikia gari.